Bruchi nyeusi ya Kijapani: usiikwatue

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Birmingham, nafanya kazi ya uuguzi. Majuzi kwenye mnada wa mitumba wa Jumapili nilinunua kijisanduku cha vifungo vya zamani, na chini kabisa nikakuta bruchi, yaani pini ya mapambo ya kuchomeka kwenye nguo, ya mraba, kama sentimita tatu na nusu hivi kila upande. Ni nyeusi tititi, ina bata watatu wa dhahabu wanaoshuka kwenye matete, na mwezi juu yao. Ukingo ni wa dhahabu, na nyuma kuna alama ndogo: nanga, 15, .625 na herufi moja. Sonara niliyempelekea anasema ni ya Kiingereza kwa sababu ya hiyo nanga, na kwamba weusi ni fedha iliyochafuka. Yuko tayari kuitumbukiza kwenye dawa ing'ae, au kuninunulia dhahabu ya ukingo kwa uzito. Shoga yangu anasema ni ya Kijapani. Nimekutumia picha, pamoja na moja ya kona ya chini kulia, naogopa ina kasoro. Nani yuko sahihi? Niisafishe? Ina thamani yoyote? Na naweza kuivaa?"

JIBU

Marahaba, dada. Kabla ya mengine yote: kama bruchi iko kwako, iache kama ilivyo. Isiguswe na dawa, limau, magadi, dawa ya meno wala kile kitambaa cha kukwatulia fedha. Kama uliiacha kwa sonara, kaichukue kesho asubuhi. Huo weusi si uchafu. Ndiyo kazi yenyewe, na ukishatolewa haurudi kwa kupaka kitu chochote cha dukani.

Shoga yako yuko sahihi, na sonara naye hakukosa yote. Ulicho nacho ni vitu viwili vilivyounganishwa: kibamba cha Kijapani ndani ya fremu ya Kiingereza. Nianze na fremu, maana hiyo haina maneno mengi.

Nanga ni alama ya ofisi ya kupima dhahabu na fedha ya hapo hapo mjini kwenu, iliyofunguliwa mwaka 1773. Hiyo 15 na .625 ni kiwango cha usafi: karati 15 kati ya 24, au sehemu 625 katika kila 1000. Karati 15 iliruhusiwa Uingereza mwaka 1854 na ikaondolewa mwaka 1932, nafasi yake ikachukuliwa na karati 14. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma herufi tunajua fremu yako si ya baada ya 1932. Herufi ndiyo inayotaja mwaka wenyewe, lakini isome kwa makini: herufi zilikuwa zikirudi mwanzo baada ya kila mzunguko, na kinachotofautisha mzunguko mmoja na mwingine ni mtindo wa herufi na umbo la kijiboksi kinachoizunguka. Piga picha ya karibu, mwanga ukitokea ubavuni, halafu linganisha na majedwali ya ofisi hiyo.

Alama hizo zote zinaisemea dhahabu ya ukingo tu. Kuhusu kibamba hazisemi lolote, na zisingeweza. Sheria za Uingereza hazikukubali kitu chenye alama ya dhahabu au fedha kilehemiwe metali duni kikaendelea kubeba alama hiyo. Wakati huohuo kule New York kampuni ya Tiffany, chini ya msanifu wao Edward C. Moore, ilikuwa ikibandika samaki na kerengende wa shaba na dhahabu juu ya majagi ya fedha kwa kufuata mtindo wa Kijapani, na ikatunukiwa tuzo kubwa kwenye maonyesho ya Paris ya 1878. Fundi wa Birmingham hakuwa na uhuru huo. Alichoweza ni kununua kibamba kilichokwisha kutengenezwa Japani, akakizungushia fremu ya dhahabu na kukunja kingo zake zikibane, bila moto kukigusa. Tazama picha yako ya pili: kingo zimekunjwa hivyo hivyo pande zote nne.

Sasa kibamba chenyewe. Kwa ninavyoona ni shakudo, aina ya shaba nyeusi ya Kijapani, na picha iliyonishawishi si ile nzuri ya mbele. Ni ile uliyoipiga ukiogopa kwamba kuna kasoro, ya kona ya chini kulia. Pale pamesuguliwa na nguo kwa miaka mingi, na chini ya weusi panaonekana wekundu wa shaba mpya. Fedha iliyochafuka ukiisugua inatoa weupe, haiwezi kutoa wekundu. Kwa hiyo tunajua mambo mawili: kiini ni shaba, na weusi ni utando mwembamba mno uliokaa juu yake. Ukitaka kujua dawa ya sonara ingeifanya nini bruchi yako, iangalie kona hiyo, halafu fikiria uso wote ukiwa na rangi ile, bata wa dhahabu wakielea juu ya shaba tupu.

Shakudo ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia tatu hadi tano. Ikiwa mbichi huwezi kuitofautisha kirahisi na shaba ya kawaida. Jamaa yake wa karibu ni shibuichi, shaba yenye fedha. Kwa desturi fedha hiyo ni robo, ingawa mafundi walipanda na kushuka kadiri ya rangi waliyoitaka. Nayo ikiwa mbichi haina lolote la kumvutia mtu. Uzuri wa metali hizi mbili huja mwisho kabisa, kwenye kuchemshwa, na hapo ndipo napenda utulie nami kidogo, kwa sababu ukielewa hatua hii utaelewa kwa nini nakukataza kusafisha.

Fundi akishamaliza kuchonga na kutia njumu, anausugua uso kwa mkaa laini na unga wa kung'arishia mpaka usibaki mkwaruzo hata mmoja. Tangu hapo haugusi tena kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huacha doa. Anaupaka maji ya figili nyeupe iliyokunwa, kisha anautumbukiza kwenye chungu cha shaba chenye maji yanayochemka. Ndani ya maji hayo kuna mrututu na chumvi nyingine za shaba ambazo Wajapani huziita rokusho. Anautikisatikisa, anautoa, anausuuza, anautazama, anaurudisha. Hapo ndipo rangi zinaanza kutokea, na kila metali inatokea na rangi yake. Shaba tupu inakuwa ya kahawia iliyoiva wekundu. Shibuichi inakuwa kijivu, wakati mwingine kijivu chenye ukijani. Shakudo inaingia weusi wenye ubuluu au uzambarau kwa mbali. Dhahabu haibadiliki, na fedha hubaki nyeupe. Ukitaka kulielewa jambo hili fikiria hina: hina ni moja, sahani ni moja, lakini kiganja kinatoka cheusi na mgongo wa mkono unatoka mwekundu, kwa sababu ngozi si moja.

Kinachotokea ndani ya chungu kimechunguzwa kwenye maabara. Juu ya metali huota utando wa oksidi ya shaba, mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Katika shaba tupu utando huo ni mwekundu. Katika shakudo unakuwa na chembe ndogo mno za dhahabu ndani yake, na chembe hizo hubadilisha jinsi utando unavyonyonya mwanga, ndipo jicho likaona weusi. Bila ile dhahabu kidogo, rangi hii haipatikani kwenye chungu hicho.

Sasa waza fundi akiwa kazini. Wakati anachonga bata, anakata shimo la mwezi na kugongelea kipande cha fedha ndani yake, mbele yake vipande vya shaba, shakudo na shibuichi vinakaribia kufanana, vyote vina uwaridi uwaridi. Usiku, wingu na maji yako kichwani mwake tu. Anapanga picha ya rangi ambazo bado hazijazaliwa, na akikosea kuchagua metali hakuna brashi ya kusahihishia. Katika ufundi wote wa metali ninaoujua, sijaona kazi inayodai imani kubwa kuliko hii.

Wajapani hawakuwa peke yao kugundua kwamba dhahabu kidogo huifanya shaba iwe nyeusi. Misri ya kale ilikuwa na shaba nyeusi ya namna hii zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakaitia njumu za dhahabu na fedha. Lakini walioifikisha mbali zaidi, na kuikuza kizazi kwa kizazi bila kukatika, ni mafundi wa mapanga wa Japani.

Kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa ya mapanga. Samurai alitembea na panga mbili kiunoni, na kila upanga ulikuwa na vifaa vyake vidogo: tsuba, ile sahani inayokinga mkono, menuki, vipambo viwili vinavyokaa chini ya nyuzi za mpini, fuchi na kashira, yaani pete ya mpini na kofia yake, kozuka, mpini wa kisu kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa ala. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo katika karne ya 15, uliwatumikia watawala wa kijeshi kwa vizazi vingi, na kazi yao ilijulikana kwa shakudo nyeusi yenye maumbo ya dhahabu juu ya uso wa nanako. Nanako ni vitone vidogo vya mviringo, chini ya milimita moja kila kimoja, vilivyopigwa kimoja kimoja kwa patasi yenye mdomo wa kikombe, mstari baada ya mstari, vikajaa uso mzima. Chini ya utawala wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, nchi ilikuwa na amani ndefu, upanga ukawa zaidi ni vazi la heshima, na vifaa vyake vikazidi kupambwa.

Kisha mwezi Machi 1876 serikali mpya ya Mfalme Meiji ikapiga marufuku raia kubeba mapanga hadharani. Mafundi waliozaliwa ndani ya ufundi huo wakajikuta hawana mteja. Wengine waliacha kabisa. Wengine wakageukia vyombo vya kuuzwa nje: vasi, visanduku, vyetezo, kesi za sigara, vifungo, na bruchi kama yako. Serikali yenyewe iliwasukuma huko. Ilishiriki rasmi maonyesho ya Vienna mwaka 1873, ya Philadelphia mwaka 1876 na ya Paris mwaka 1878, na wazungu wakashikwa na wazimu wa vitu vya Kijapani. Kano Natsuo, aliyezaliwa 1828 na kufariki 1898, ni mfano mzuri wa safari hiyo: alianza na vifaa vya mapanga, akachonga michoro ya sarafu za mwanzo za Meiji, akaishia kufundisha kwenye shule ya sanaa ya Tokyo.

Namtaja Natsuo kwa sababu ya matete yako. Si kwamba aliyachonga yeye, hata kidogo. Lakini yamechongwa kwa mbinu aliyosifika nayo kuliko wote, katakiri. Fundi analaza tindo upande, hivyo mfereji unakuwa na ukuta mmoja uliosimama na mwingine uliolala, na mstari unaanza mnene kisha unakonda hadi kupotea. Unafanana na mpigo wa brashi ya wino. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi, uinamishe bruchi chini ya taa, utaona kila tete limekatwa mara moja, bila kurudiwa. Kwa bata mbinu ni nyingine: dhahabu imeinuka juu ya uso, na manyoya yamechanjwa baada ya dhahabu kukaa mahali pake. Yule bata wa kati ana shingo ya rangi iliyopoa, na nadhani hapo ni shibuichi. Picha ya bata bukini wakishuka kwenye matete chini ya mwezi ni ya zamani sana Japani, na ni picha ya majira ya vuli, bata wanaporejea kutoka kaskazini.

Ungeweza kuuliza kama kibamba chako kilikuwa sehemu ya upanga. Kwa umbo lake, hapana. Tsuba ni kubwa zaidi, kwa kawaida sentimita sita hadi nane, na ina tundu katikati la kupitishia upanga. Kozuka ni ndefu na nyembamba, karibu sentimita kumi kwa moja na nusu. Nyingi zilipelekwa Uingereza zikafanywa mipini ya visu vya matunda. Kashira ina matundu mawili ya kamba, na menuki ina umbo la kiumbe au ua lililokatwa kingo, haina uso wa mraba. Chako kilikusudiwa kifua cha mwanamke wa Ulaya tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa Kijapani wa zama hizo hakuwa na mahali pa bruchi: kimono kinafungwa kwa mkanda wa obi, na mapambo yake yalikuwa vichanio na pini za nywele, na obidome, kipambo kinachokaa kwenye kamba ya juu ya obi. Kwa maoni yangu kibamba ni cha miaka ya mwisho ya karne ya 19. Herufi ya fremu ndiyo itakayokaza au kulegeza kauli hiyo. Sindano yako inavuka kidogo ukingo wa fremu, na kishikio chake ni ndoano tupu isiyo na kufuli. Hayo yote mawili yanaafikiana na umri huo.

Kuna vitu vingine vyeusi ambavyo watu huviita shakudo, na huko Uingereza utakutana navyo kila mnada. Kinachoonekana zaidi ni fedha ya Siam: wachezaji ngoma wa fedha juu ya weusi unaong'aa kama kioo, nyuma imeandikwa Siam na neno la Kiingereza la fedha. Ni kitu kizuri, lakini ule weusi ni niello, mchanganyiko uliojazwa kwenye mifereji ya fedha. Kuna kazi ya Toledo, Hispania, ambayo ni chuma cheusi chenye nyuzi za dhahabu, mara nyingi kwa nakshi za nyota na majani ya Kiarabu. Kuna bidri ya India, kutoka Bidar, ambayo ni zinki iliyotiwa weusi na njumu ya fedha. Hii ni nzito mkononi na weusi wake umefifia bila mng'ao. Halafu kuna chuma cha Kyoto chenyewe, kazi ambayo ukoo wa Komai uliikuza: uso wa chuma unachanjwa mistari midogo ya kupishana, dhahabu nyembamba inagongelewa juu yake ikashika. Ya Komai wa zamani ni kazi ya hali ya juu kabisa. Iliyofuata baadaye kwa watalii, yenye mlima Fuji na mnara wa hekalu, ni jambo jingine, na nyingi zimepigwa kwa mashine.

Kupambanua hayo, anza na sumaku ndogo. Ishike karibu na ubavu wa bruchi bila kuisugua. Chuma cha Toledo na cha Kyoto kitaivuta, shakudo haivuti. Kisha rudi kwenye kioo cha kukuzia. Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu kina kingo za duara duara, zimelegea, na penye vitone vya nanako vinaungana kama vimeyeyuka. Kilichochongwa kina kingo kali. Rangi ya kupakwa hutoka kwa vipande na kuacha ukingo unaoonekana. Utando wa shakudo huisha taratibu kuelekea kwenye wekundu, kama ilivyo kwenye kona yako. Kwa upande wako sina shaka kubwa, lakini ukitaka uhakika usio na ubishi, ofisi ileile ya nanga ina mashine za eksirei zinazosoma metali bila kukwangua wala kuchoma. Ikisoma shaba nyingi na dhahabu asilimia chache kwenye uso mweusi mbali na bata, jibu ni hilo.

Saini usiitafute kwa nguvu. Vibamba vingi vya kuuza nje havikutiwa saini, na kama iko huenda imefunikwa na fremu. Usikubali mtu aifungue fremu ili kuchungulia: dhahabu iliyokunjwa miaka mia na zaidi ikinyanyuliwa hupasuka, na bisibisi ikiteleza kidogo tu inaacha mkwaruzo mwekundu. Tena jina kubwa peke yake halitoshi. Majina ya mafundi mashuhuri, Natsuo akiwemo, yaliandikwa na wengine kwenye kazi zisizo zao.

Kuhusu thamani, vibamba vidogo visivyo na saini katika fremu za dhahabu za wakati wao huuzwa minadani Uingereza kwa mamia ya pauni. Maelfu ni ya kazi zenye saini ya kuaminika au zenye ubora wa kipekee. Kinachopandisha ni hali ya utando, ukali wa uchongaji, na fremu kubaki ileile. Ile kona itapunguza kidogo, si sana. Wanunuzi wanaojua huona heri kona iliyochakaa kwa kuvaliwa kuliko uso uliotiwa rangi upya. Kinachoangusha bei mara moja ni kukwatuliwa. Na usiuze fremu kwa uzito. Dhahabu ile ni gramu chache, ukiitoa unapoteza alama, mwaka na nusu ya historia ya kitu, na kibamba kinabaki yatima. Ukifika wakati wa kuuza, peleka picha kwa mnada wenye idara ya sanaa ya Japani, ulizia makadirio kwa maandishi, linganisha sehemu mbili. Mimi nisingeuza, lakini hilo ni lako.

Najua kwa nini ushauri wa kung'arisha unaingia akilini haraka. Kwetu Pwani na Oman bangili au mkufu wa fedha ukiwa mweusi ni aibu ya mwenyewe, unasuguliwa kwa majivu na limau mpaka uonekane umetoka kwa sonara leo. Kwa fedha safi hakuna ubaya mkubwa. Lakini asidi ya limau na ile amonia iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia huyeyusha oksidi ya shaba, na utando wa shakudo ni oksidi ya shaba. Dakika moja inatosha. Mashine ya mitetemo ya kuoshea vito nayo iepuke. Hata mwezi wako, ambao ni fedha na umeanza kuwa kijivu, usiuguse peke yake kwa pamba yenye dawa, maana dawa hutambaa. Mwezi uliofifia kidogo juu ya usiku mweusi unapendeza kuliko ung'avu wa kijiko.

Unachoweza kufanya ni hiki: brashi laini kavu ya kupakia poda, mpya, kwa ajili ya vumbi la kwenye manyoya na matete, kisha kitambaa cha pamba safi kilichofuliwa mara nyingi, upitishe kwa wepesi bila kukandamiza. Basi. Ihifadhi kwenye pamba au karatasi laini isiyo na asidi, peke yake, isikutane na pete yenye jiwe. Usiifunge na mpira, kwa sababu mpira hutoa salfa, na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki unaonata.

Sindano ikilegea, mwambie fundi neno moja kabla hajawasha kitu: moto usikaribie. Joto la kulehemu linatosha kuharibu rangi upande wa pili wa kibamba. Kuna mafundi wenye mashine ya leza wanaounganisha nukta ndogo bila kupasha kitu kizima, na hao ndio wa kutafuta. Akikuambia atarudisha weusi akimaliza, ondoka. Kurudisha weusi kwa haki ni kuvua utando wote na kuanza chungu upya, kazi ya mtaalamu wa shakudo, na haifanywi kwa sababu ya kona moja.

Ukipata siku ya mapumziko, panda treni uende London kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Lina mkusanyiko mkubwa wa Kijapani, na kuingia ni bure. Simama mbele ya tsuba na vifaa vya mapanga, utazame weusi wake ukibadilika kuwa buluu unaposogeza kichwa. Ukirudi nyumbani ufanye vivyo hivyo na bruchi yako dirishani.

Na ndiyo, ivae. Ilitengenezwa ivaliwe. Ichomeke kwenye nguo nzito, sufu au koti, ili uzito usiivute ikaning'inia na kugonga vifungo. Kwenye kitenge chepesi weka kipande cha kitambaa nyuma. Kwa kuwa kishikio hakina kufuli, mwombe fundi huyohuyo wa leza akuongezee kijimnyororo cha usalama kwenye fremu, si kwenye kibamba. Manukato na mafuta ya nywele yatangulie, yakauke, bruchi iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Ukiivua ipanguse jasho kwa kile kitambaa kabla ya kuirudisha kwenye kijisanduku. Na ukiisoma ile herufi, niandikie tuutafute mwaka pamoja.